Panga la Kwanza: Kununua Chombo cha Bei Nafuu Kinachofanya Kazi

Mazungumzo yetu na walaji wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho karibu kila kaya ya huku inacho, na pengine kwa sababu hiyo hapana anayeona haja ya kukizungumzia. Mtu akitaka kununua simu huuliza watu watano, hulinganisha bei katika maduka matatu, kisha hulala akiwaza. Akitaka panga huchukua la kwanza linalong'aa, hulipa, huliweka kwapani na kwenda zake. Lakini simu mbovu humkasirisha mwenyewe tu; panga bovu huvunjika likiwa hewani, na bapa lililochomoka katika mpini halichagui pa kuangukia. Mtoto aliyemfuata mama yake shambani husimama nyuma, mahali pale pale ambapo bapa hurukia.

Maneno haya tunayaelekeza kwa anayenunua kwa mara ya kwanza: kijana aliyepewa kipande cha ardhi Sengerema, mama wa Igoma aliyeanza bustani yake Kisesa, kikundi cha vijana waliokubaliana kusafisha mwalo wao. Watu hawa wana fedha kidogo, na ni haki yao kutafuta kitu cha bei nafuu. Hatutawaambia wanunue cha bei kubwa. Panga zuri si chombo cha anasa. Tofauti kati ya lililo zuri na lililo bovu imo katika mambo mawili ambayo macho hayayaoni kwa haraka, nayo ni namna chuma kilivyotiwa ugumu, na namna kilivyoingizwa katika mpini.

Kabla ya hayo, mnunuzi ajiulize kazi yenyewe. Wapo wanaonunua panga kwa ajili ya kufyeka majani ya uwanja, kisha wakalalamika kwamba mgongo unawauma na panga halikati. Majani mepesi ni kazi ya fyekeo, ambalo wengine huliita kwanja, kwa kuwa mpigaji wake husimama wima au huinama kidogo tu. Mpunga wa Magu na Misungwi huvunwa kwa mundu. Minofu ya sangara hutolewa kwa kisu chembamba kinachopindika, tena afadhali cha chuma kisichoshika kutu, maana hukaa katika maji na chumvi kutwa nzima. Panga ni la matawi, vichaka, pingili za mihogo, miwa, kuni, matete na mafunjo ya ufukweni, na gugumaji pale linapoziba njia ya mitumbwi. Kwa anayeanza, bapa la inchi 16 hadi 18 linatosha. Refu zaidi ya hapo huonekana la kishujaa dukani, lakini mkono usiozoea huchoka, na mkono uliochoka ndio hukosea shabaha.

Sasa tuje katika chuma. Wazee wetu walitofautisha chuma cha kawaida na chuma cha pua, na tofauti hiyo bado ndiyo kiini cha habari. Kinachokifanya chuma kiwe cha pua ni kaboni kidogo iliyochanganyika ndani yake. Mapanga mengi ya kazi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya kiasi cha nusu asilimia hadi robo tatu ya asilimia. Nondo ya kujengea ina kaboni chache zaidi, ndiyo sababu panga lililofuliwa kutokana na nondo hulala makali baada ya kupiga matawi kumi, hata ulinoe namna gani. Springi ya gari chakavu, kwa upande mwingine, ni chuma kizuri sana kwa kazi hii. Ina kaboni ya karibu asilimia 0.6 na iliundwa ili ipinde na kurudi.

Lakini chuma kizuri peke yake hakitoshi. Lazima kipashwe moto mpaka kiwe chekundu, kiasi kwamba sumaku haikishiki tena, kisha kichovywe kwa ghafla katika oili au maji. Hapo huwa kigumu mno, na ukikiangusha sakafuni huweza kukatika kama kigae. Kwa hiyo fundi hukipasha moto mara ya pili, moto wa chini zaidi, wa nyuzi kama 200 hadi 300 za sentigredi, ili akipunguzie ukali wa ugumu na kukirudishia ustahimilivu. Hatua hii ya pili haiongezi mng'ao wala uzito, na ndiyo ambayo mtengenezaji mwenye haraka huiruka. Mnunuzi hawezi kuiona, lakini anaweza kuipima.

Chukua tupa ndogo unapokwenda dukani. Haizidi urefu wa kiganja na muuzaji mwaminifu hatakukataza kuitumia kwenye ukingo wa bapa, ilimradi umwombe kwanza. Iburute taratibu mara mbili. Tupa ikizama na kutoa unga mwingi kana kwamba unakwangua alumini, chuma ni laini. Ikiteleza kabisa kama iliyo juu ya kioo, chuma ni kigumu kupita kiasi na kitamegeka. Inayofaa ni ile tupa inayouma kwa shida. Kisha shika mpini kwa mkono mmoja, weka ncha juu ya ubao, ukandamize mpaka bapa lipinde kidogo, uachilie. Bapa jema hurudi likanyooka. Likibaki limepinda, lirudishe mahali pake, nawe uende zako. Mwisho ligonge bapa kwa kucha au kwa funguo na usikilize: mlio wa wazi unaodumu ni ishara njema, na mlio wa kufa kama wa chungu chenye ufa mara nyingi ni ufa kweli. Sumaku tunawashauri mwiache nyumbani. Tumeona wanunuzi wakiitumia kwa imani kubwa, ilhali sumaku hushika nondo, springi na mfuniko wa kopo la rangi bila kubagua.

Jambo la pili ni msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Katika panga la kuaminika msuka ni mwendelezo wa bapa lenyewe, una upana unaokaribia upana wa mpini, na unafika mpaka mwisho wake. Mara nyingi utauona ukingoni, umebanwa na vipande viwili vya mti au plastiki kwa ribiti tatu. Katika panga la kudanganya, bapa limekatwa karibu na mpini, kisha kijiti chembamba cha chuma kimechomelewa na kufichwa ndani ya plastiki nene yenye rangi ya kupendeza. Mahali palipochomelewa ndipo panapokatika, kwa sababu moto wa kuchomelea umeharibu ugumu wa chuma, na ndipo nguvu yote ya pigo inapoishia. Basi mpini unaoficha kila kitu uutilie shaka. Shika bapa kwa kitambaa, tikisa mpini kwa mkono wa pili. Ukisikia hata mchezo mdogo, usikubali maneno ya kwamba utakaza wenyewe. Mti hukauka na kusinyaa, na mchezo huzidi.

Hapa tutatoka nje ya njia kidogo, maana vijana hutuuliza. Katika filamu wameona upanga wa Kijapani, mwembamba, uliopinda, wenye mpini uliofungwa kamba, nao hutaka kujua kama ule unaouzwa kwa bei ya chini mitandaoni ni wa kweli. Jibu fupi ni kwamba nyingi za panga hizo ni mapambo ya ukutani. Hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, ambacho katika bapa refu namna ile huelekea kukatika, na msuka wake ni kile kijiti kilichochomelewa tulichokitaja sasa hivi. Upanga uliotengenezwa kwa kutumika una msuka mpana ulio kipande kimoja na bapa, unaoshikiliwa katika mpini kwa kigingi cha mwanzi kinachoweza kutolewa ili mtu akague. Wahunzi wa Japani hupaka udongo mgongo wa bapa kabla ya kulichovya majini, ili makali yapoe upesi yawe magumu, na mgongo upoe polepole ubaki mstahimilivu. Anayetaka upanga wa mazoezi na aanze na ule wa mbao pamoja na mwalimu. Upanga wa ukutani usipungwe kamwe. Bapa lake limekwisha kuruka na kujeruhi watu katika nchi nyingi.

Tumeutaja pia kwa sababu nyingine. Watu hustaajabia ufundi wa ng'ambo na kusahau kwamba pwani hii ya ziwa ina historia yake katika kazi hiyo hiyo. Katuruka, karibu na Bukoba, wanaakiolojia walichimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao juu ya ufundi huo wa Kagera, ambao umri wake walioukadiria ni miaka 1,500 hadi 2,000. Upande wa Geita na Uzinza, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma, na majembe yao yalikwenda mbali, yakitumika hata kama mahari. Majembe ya kiwandani yaliyotoka nje yalipofurika, tanuri zilizimwa. Baadaye tulipata viwanda vyetu, kile cha Ubungo kilichoitwa UFI na kile cha Zana za Kilimo Mbeya, na bado wapo wakulima wanaotunza mapanga ya miaka hiyo, yamenolewa mpaka yakabaki nusu ya upana wake.

Wahunzi hawajakwisha. Wapo wanaofua mapanga kutokana na springi za magari, na kwa maoni yetu panga la mhunzi anayejua kazi yake ni ununuzi bora kuliko mengi yaliyofungwa katika nailoni yenye picha ya simba. Halina sura. Lina alama za nyundo, na mpini wake pengine ni wa mti wa kawaida. Lakini mhunzi unaweza kumuuliza maswali ambayo katoni haiwezi kujibu: Chuma hiki umekitoa wapi? Umekichovya katika nini? Umekirudisha motoni baada ya kukichovya? Anayejua hujibu bila kusita, tena hufurahi kuulizwa. Na panga likikusumbua unajua pa kumpata. Wanaotaka kujua mafundi wa aina hii wanaweza kuanzia SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lenye ofisi hapa Mwanza.

Kuhusu bei, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme panga la kwanza ni shilingi 6,000 na la pili ni shilingi 12,000. La kwanza likidumu msimu mmoja na la pili likidumu misimu mitano, la kwanza litakuwa limekugharimu shilingi 30,000 kwa kazi ile ile, tukiacha nauli za kwenda Makoroboi au Soko Kuu kila linapokatika, na tukiacha siku za palizi zilizopotea. Hata hivyo hesabu hii isigeuzwe kuwa kanuni kwamba cha bei kubwa ndicho kizuri. Chapa zinazopendwa ndizo zinazoigwa. Herufi iliyokosewa katika jina, nembo iliyobandikwa badala ya kugongwa ndani ya chuma, rangi inayotoka kwa kusuguliwa na kidole gumba, hizo ni dalili za bidhaa bandia. Penye alama ya ubora ya TBS, itazame kama imechapwa sawasawa. Kazi ya kupambana na bidhaa bandia imo mikononi mwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na taarifa ya mlaji mmoja aliyelitilia shaka panga moja huweza kuwa mwanzo wa kukamatwa kwa shehena.

Panga jipya mara nyingi huja halina makali, na wengi hulidhania bovu. Si bovu, kunoa ni kazi ya mwenye chombo. Libane vizuri, noa kwa tupa ukisukuma kuelekea upande mmoja, kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nusu ya pembemraba. Makali membamba kama ya wembe hayafai kwa kuni. Ukimpelekea fundi mwenye mashine ya kunolea, simama pale pale na umwombe achovye bapa katika maji kila baada ya muda mfupi. Ukingo ukigeuka rangi ya buluu ugumu wake umeondoka, na panga lako la shilingi 12,000 limekuwa nondo mbele ya macho yako.

Hewa ya ziwa ni adui wa chuma cha pua. Mwenye kukata gugumaji na mafunjo alioshe panga kwa maji safi, alikaushe, alipake oili kidogo kabla ya kulala, wala asiliache ndani ya ala yenye unyevu. Kwa ndugu zetu wenye migomba upande wa Kagera lipo jambo kubwa zaidi. Mnyauko bakteria, ulioingia huko katika miaka ya 2000, huchukuliwa na panga kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima. Panga lisafishwe kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kwa moto au kwa dawa ya klorini kama ile ya kufulia. Ukitumia moto, lipitishe haraka bila kuliacha liive, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza. Ukitumia klorini, lisuuze na ulipake oili, kwani klorini hula chuma upesi. Na anayepunguza ua wa minyaa ajikinge macho. Utomvu wake ni hatari kuliko makali yenyewe.

Yamebaki mambo ya haki. Unaponunua, itamke kazi yako mbele ya muuzaji: "Nataka panga la kukatia matawi ya miti na kuni." Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyemjulisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kazi anayoikusudia, akategemea ujuzi wake, anaweza kudai kwamba bidhaa ilipaswa kuifaa kazi hiyo. Ukitaja chapa peke yake, ukasema "nipe ile ile ya fulani," umechagua mwenyewe na dai lako hudhoofika. Kadhalika kasoro iliyokuwa wazi mbele yako wakati ulipokagua ni vigumu kuidai baadaye. Kasoro iliyofichwa ndani ya mpini ni habari nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji juu ya ubora na asili ya bidhaa. Dai risiti ya EFD hata kwa panga moja. Na ukinunua kwa mmachinga, andika tarehe, mahali na bei, na umwombe namba yake ya simu.

Njiani, lifunge bapa kwa gunia au katoni kabla ya kupanda daladala au kivuko. Kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu, bila sababu halali, ni kosa la jinai, na abiria aliyekaa jirani nawe hawezi kujua kwamba unakwenda kupogoa mwembe.

Endapo panga litakatika, usilitupe na usilisafishe. Okota vipande vyote, pamoja na mpini ukiwa na kilichobaki ndani yake, uvifunge katika karatasi kavu, uvipeleke kwa muuzaji pamoja na risiti, na akikukatalia, uvipeleke Tume ya Ushindani. Sura ya mvunjiko hueleza mengi. Punje kubwa zinazometameta kama sukari huonyesha chuma kilichopashwa moto kupita kiasi kiwandani. Mstari wa kuchomelea huonyesha msuka wa kudanganya. Na penye kutu ndani ya mvunjiko uliotokea leo asubuhi, ufa ulikuwapo siku nyingi kabla ya pigo lile, pengine tangu panga lilipokuwa likining'inia dukani. Ndiyo maana tunasema usilisafishe, kwa sababu kutu hiyo ndiyo shahidi wako.